Ndege wa Kichaka cha Susu

Wiki iliyopita nilienda Mukuyuni kumwona dada yangu, nikarudi na wivu kama kawaida. Sijui huu ugonjwa utanitoka lini. Meno yamekwisha, magoti yamekwisha, wivu bado ni mpya.

Nilikuwa hata sijaketi vizuri, chai haijamiminwa, nikasikia kelele chini ya shamba lake, kule kwenye kijito. Kelele kama ya wanawake waliofika kisimani wakakuta mtu ameruka laini. Rafiki yangu, moyo uliruka. Nilikuwa sijawasikia ndege hao tangu nikiwa msichana.

"Ndio hao," dada akasema, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake wa maziwa. "Wageni wanakuja na darubini kuwaangalia. Wanasema hawako nchi nyingine yoyote, ni kama wale ndege wa kisiwani wasioweza kuishi penginepo. Kisiwa chao ni hivi vichaka vyetu, na vichaka vimekwisha."

Chai ikamiminwa, nikanywa ikanichoma ulimi. Kwetu nani alivimaliza? Sikiliza nikwambie.

Dada huyu ni wa mama mdogo. Baba alikuwa na wake wawili, na sisi tulizaliwa msimu mmoja wa mvua, tukalelewa na Susu, yaani nyanya mzaa baba. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, bonde la ng'ambo ya kilima. Susu alimgawia kila mtoto kazi. Mimi nilipewa kinu. Nilitwanga muthokoi, mahindi yale ya kuondoa maganda, mpaka viganja vikawa kama ngozi ya mbuzi. Dada alipewa kukaa shambani kufukuza ndege wa mtama. Yeye yuko kivulini na kombeo, mimi niko juani na mchi.

Sasa kwenye kichaka cha mtoni kulikuwa na ndege wengine, wa kahawia, macho mekundu, manyoya yana mabaka meupe kama mtu aliyerushiwa chokaa. Hakuna wawili walio na mabaka sawa. Dada akawaangalia siku tatu, halafu akamwambia Susu, "Hawa hawali mtama, wanakula wadudu. Siwafukuzi." Susu akaweka ugoro puani, akasema, "Huyu mtoto ana macho."

Neno hilo! Mimi nilikuwa nimetwanga vibaba viwili siku hiyo, na hakuna aliyesema nina mikono.

Tangu hapo kichaka kikawa cha dada. Aliwapa majina, na mpaka leo nayakumbuka yote, yeye ameyasahau: Chaki, Pasta, Mjane, Kiraka, Bibi Arusi, Mwalimu wa Jumapili. Wa saba alikuwa anaruka nyuma ya wenzake kila mara, akilalamika. Huyo alimpa jina langu. Watoto wote wa bonde walicheka. "Wewe, mwenzako amepitwa tena!" Na Susu pia alicheka, nilimwona, alificha mdomo kwa leso.

Lakini nilikuwa naenda kuwaangalia, sikudanganyi. Nilienda kwa kuiba, kama nachota maji. Kifaranga kimoja kilikuwa kinalishwa na wote, si mama peke yake. Shangazi, mjomba, hata yule mwenye jina langu alileta panzi. Nikajiuliza mbona mimi siletewi.

Mwaka huo chifu akaamuru mashamba yote yachimbwe matuta, yale ya fanya-juu, udongo unarushwa upande wa juu ushike maji. Mwethya ukapangwa. Mwethya ni wanawake wa mtaa wakifanya kazi shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye anasema kazi iishie wapi. Siku yetu ikafika, na Susu akapata habari ndugu yake ni mgonjwa, huko mjini Sultan Hamud. Akasema anaenda. Akasema anaenda na dada.

Na dada! Sultan Hamud, kwenye gari la moshi na maduka ya mikate. Nilisimama pale na mchi mkononi kama mjinga. Susu akafunga kyondo, kile kikapu cha mkonge, akaniambia mimi, "Waambie waishie kwenye jiwe jeupe. Kichaka wasiguse, ndege wana mayai." Wakaondoka. Dada aligeuka mara moja akanipungia mkono, na mimi nikaona ananicheka.

Wanawake walikuja asubuhi na majembe na panga, wakiimba. Mwenyekiti wao, rafiki ya Susu wa ugoro tangu usichana wao, akaniuliza, "Susu yako amesema tuishie wapi?"

Nikasema, "Mpaka mtoni."

Maneno mawili tu. Ilipofika saa nane kichaka kilikuwa rundo la kuni. Wale ndege walipiga kelele juu ya mti mmoja uliobaki, na mama mmoja akasema, "Hata hawa ni mwethya, wanatuimbia!" Wakacheka wote. Mimi niliona mayai matatu kwenye rundo, ya buluu, buluu ambayo sijaiona tena hata kwenye kitambaa. Nikapika muthokoi wa wageni nikatia chumvi mara mbili. Jioni ndege waliondoka wakifuatana, mmoja mmoja, yule wangu nyuma.

Susu aliporudi alisimama pale juu ya tuta muda mrefu. "Uliwaambia?" "Niliwaambia." Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilisikia kutoka uani. Mwenyekiti anaapa, "Mtoto wako alisema mtoni!" Na Susu, kwa sauti nisiyowahi kuisikia: "Mjukuu wangu hasemi uongo."

Basi. Sifa niliyoililia utoto wote, hiyo hapo. Wazee wale wawili hawakugawiana ugoro tena. Kanisani mmoja alikaa mlangoni, mwingine dirishani, mpaka Susu alipozikwa.

Nilimwambia dada haya yote wiki iliyopita, chai ikapoa. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Akasema, "Kumbe ulinionea wivu wa Sultan Hamud? Nilibeba kile kyondo mpaka shingo ikapinda, na gari la moshi sikuliona. Na njia nzima Susu alikuwa anakusifu wewe. Alisema, yule ndiye wa kuachiwa boma, huyu nikimwacha atasahau hata kuku, ataangalia ndege."

Chini kule wale ndege walikuwa bado wanagombana, na dada akainuka kuwamwagia kuku makombo.

Mtoni kwetu sasa ni mchanga na malori ya mchanga. Tuta bado liko, limeshika udongo vizuri, mahindi yanakua. Asubuhi natoka nje mapema, nasimama ukingoni, na kimya chake ni kikubwa. Nawakaribisha wale ndege, hawaji. Hapo zamani nilitaka kuwa na kitu ambacho dada hana. Sasa ninacho: yeye ana ndege, mimi nina kimya nilichokileta kwa maneno mawili.