Kitanda Nilichokibuni Kimeunguza Godoro la Mtoto

Admin, naomba unifichie jina, huku Bariadi tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 34, nimeolewa, ni mhandisi wa vifaa tiba. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti kwetu Kimali, akatufia njiani kwa baridi tukimwahisha mjini. Ndiyo sababu nikabuni kitanda cha kupasha joto watoto njiti. Nilihangaika nacho miaka, mpaka kikakubalika.

Kazi ya kuviunda nilimwachia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mwenye karakana Lamadi. Vya mwanzo nilivikagua mwenyewe, vilikuwa salama. Vilivyofuata alivisambaza bila kuniambia.

Wiki iliyopita nesi wa zahanati moja ya kijijini akanipigia simu. "Dada, njoo uone kitanda chako. Godoro limeungua. Bahati mama alikuwa amemtoa mtoto anyonye."

Nilikwenda asubuhi hiyohiyo. Harufu ya sponji iliyoungua ilinipokea mlangoni. Nikafungua kitanda. Ile swichi inayokata umeme joto likizidi haikuwepo. Waya zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, zikafungwa selotepu. Yule mama alikuwa kwenye benchi na kichanga chake, akaniambia, "Asante mayu, mama yangu, kitanda chako kimemsaidia mwanangu."

Nikamfuata shemeji Lamadi. Hata hakushtuka. "Swichi hizo zinasumbua kupatikana, shemeji. Vitanda si vinapasha joto?"

Nikamuuliza, "Vingine umepeleka wapi?"

Akaendelea kuchomelea vyuma vyake. Nilipouliza tena akazima mashine, akanitazama. "Nenda kaseme. Ila jina lililoandikwa ubavuni mwa vitanda ni lako. Wataanza na wewe."

Nimezunguka vituo vya afya ninavyovijua mpaka Sapiwi, nimekuta viwili, nikavichomoa na kuwaambia manesi wasiviwashe. Vingine sijui viliko. Shemeji hapokei simu zangu tena, na karakana ameifunga.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama mkwe amekuja, amenishika mikono analia, "Mayu, usinifungie mwanangu." Mume wangu, ambaye ndiye aliyenitia moyo siku zote, safari hii hanitazami usoni. Anasema nikienda kuripoti kwa wakubwa nisirudi kwake, nisubiri kikao cha ukoo Jumapili. Jana alitoka uani kuongea na mdogo wake kwa simu. Nilipomuuliza wamesema nini, akanijibu tu, "Wewe unapenda sana kusafiri peke yako. Punguza."

Sijui alikuwa ananihurumia au ananitishia. Simu ikiita naogopa kupokea, nahisi ni nesi mwingine, na huyo hatakuwa na habari ya bahati.

Ndugu zangu, nishaurini, msinifiche. Jumapili bado, na njiti wanazaliwa leo. Mngekuwa mimi, mngekisubiri hicho kikao?