Muuza Soksi Chini ya Ngome

Nianze kwa kuungama: nilipokuwa na miaka tisa nilichukua kalamu ya bluu nikamchora mama yangu ndani ya picha ya mwenye nyumba. Si pembeni. Katikati ya barabara kabisa.

Mliokulia La Rochelle, hapa Johannesburg, enzi zetu, yaani miaka minne iliyopita (msicheke, nina kumi na tatu, nimezeeka), mnazijua zile nyumba: kila chumba familia, jiko moja, korido moja inayonukia sombe, yale majani ya muhogo, na mafuta ya nywele. Mpira wetu wa mifuko ukitoroka barabarani, tulingoja robot, taa ya magari, iwake nyekundu ndipo tuufuate. Watoto wa siku hizi wanafunga mabao kwa kidole gumba, halafu eti wamechoka.

Mwenye nyumba, Bibi Graça, mjane wa Kireno, alitundika koridoni picha ya mji wa kwao, iliyochapwa karne ya kumi na tisa. Mistari myeusi tupu: ngome juu ya kilima, na chini yake mtaa uliojaa watu. Mwanaume na punda wa maji. Padri na mwavuli. Wanawake peku, vikapu vya samaki kichwani. Kioo kilishavunjika zamani. Kila jioni Bibi aligusa mwanamke mmoja akaniambia, “Huyu ni mama wa bibi yangu.” Alisema hivyo kila siku, nami nilimwamini kila siku.

Nikawaza: mama yangu naye anauza soksi mjini, kando ya kituo cha teksi. Mbona yeye hayumo? Nikamweka, peku kama wenzake.

Mama alipoiona, alishika ukuta. Kabla ya hapo nyumba nne zilikuwa zimetukataa kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji.

“Weye mutoto! Akitufukuza, tutalala wapi?”

Akanikokota hadi mlangoni kwa Bibi, picha kwapani, sikio langu mkononi.

Bibi akavaa miwani. Akatazama mpaka nikasikia sufuria ya jirani ikitokota.

“Nani huyu?”

“Mama. Anauza soksi.”

Akasogeza pua karibu na karatasi. “Umemweka vibaya. Hapo punda wanapita. Ungempeleka kanisani, kuna wateja.”

Kisha akairudisha picha ukutani mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila jioni aligusa wanawake wawili.

Mwaka jana Bibi alihamia kwa mwanawe, akatuachia ile picha. Iko juu ya kitanda. Mdogo wangu amempiga mama picha chungu nzima kwa simu, na simu ikijaa anazifuta bila hata kupepesa jicho. Wino wangu umefifia, lakini mama bado yuko pale mtaani na soksi zake. Koridoni umebaki msumari tu. Hakuna tena mtu mzima anayesimama pale kumdanganya mtoto vizuri namna ile.

Ila jioni ile ya kalamu, tulipotoka kwa Bibi, eish, nilidhani nimepona. Mama alifunga mlango wa chumba chetu, akakaa kitandani, akavua viatu vyake vya kazini, akaviweka mbele yangu, kisigino kimelika upande mmoja.

“Mimi nilivuka mipaka mitatu na viatu mguuni,” akasema. “Kesho ukitoka shule, chukua ile kalamu, univalishe.”