Simu Moja kwa Nyumba Mbili

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, tulimzika mama mmoja wa mtaa wetu wa Cibitoke. Habari ilinikuta kibandani, nikiwa nimeshika gurudumu la baiskeli ya mteja. Nililiweka chini, na mteja mwenyewe, kijana ambaye hakumjua marehemu, hakuniuliza nitamaliza lini. Jina la mama huyo sitaliandika, maana hakupenda kutajwatajwa. Nitasema tu kwamba katika miaka ile mibaya, wakati barabara zilipofungwa na watu wetu walipotawanyika nchi za jirani na ng'ambo, yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta iliyoweza kuwafikia. Wengi waliokuja kumzika walikuja kwa sababu hiyo, ingawa nyumbani kwake hapajakuwa na kompyuta siku nyingi.

Alikuwa na chumba cha kupiga mashine, kile tunachokiita secrétariat, kinachoangalia barabara. Mimi sikusoma sana, na ya kompyuta sijayajua hadi leo, kwa hiyo naeleza nilichokiona. Mashine yake ilikuwa kuukuu, haina njia nyingine ya kutoka nje isipokuwa tundu moja nyuma lenye pini ndogondogo. Hapo alichomeka waya uliokwenda kwenye kisanduku, na kisanduku kikachomekwa kwenye simu ya mezani. Kisanduku kilipiga namba ya mjini, kikapiga miluzi, kikakwaruza, halafu kikanyamaza. Hapo ndipo alipokuwa ameshika laini. Aliniambia kwamba herufi hupita kwenye ule waya moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka mto kwa ubao mmoja, na yeyote akiuyumbisha ubao, wote wanaanguka.

Tabu ni kwamba simu ile ilikuwa moja kwa nyumba mbili. Mume wake na mdogo wa mume waliiomba pamoja zamani, waya ukapitishwa juu ya ukuta, kila nyumba ikawa na chombo chake. Shemeji yake huyo alikuwa fundi wa viatu, mtu wa adabu nyingi. Akipita karibu na simu aliinyanyua kusikiliza kama kuna mtu, na akisikia miluzi alisalimia. Tulimsikia kutoka barabarani: "Allô? Amahoro? Ni nani?" Papo hapo barua za watu zilikatika katikati.

"We shemeji, weka simu chini!" mama alipiga kelele.

"Mi nasalimia tu! Mutu anapiga firimbi mu simu, nimunyamazie?"

"Si mutu, ni mashine!"

"Basi ifundishe adabu. Nimeisalimia mara ngapi haijaitika!"

Kwa hiyo mama akaanza kutangaza. Kila alipotaka kuunganisha, alitoka mlangoni na kuita, "Laini!" Alikuwa akimwambia shemeji mmoja tu asiguse simu. Lakini mtaa mzima ulinyamaza. Waliokuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, waliacha mchi ndani ya kinu, seremala alisimamisha msumeno, na mimi niliweka nyundo chini. Tuliamini kelele zetu zitaingia kwenye waya na kuvuruga barua. Alitueleza kwamba haiko hivyo. Jirani mmoja akamjibu, "Kama inapiga miluzi, masikio iko nayo." Mama akacheka, akatuacha. Ilikuwa miaka ambayo jirani alimwogopa jirani, na watu walihama usiku bila kuaga. Sijaona jambo lingine lililotufanya tutulie pamoja namna ile. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mwisho wa waya.

Mama pia alikuwa na mtu wake. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda Uvira kufuata mzigo, na hakurudi. Mama alimtafuta kwa laini ileile. Aliandika kambi baada ya kambi, misheni baada ya misheni, kila anwani aliyopewa. Shemeji naye alikuwa na uchungu wake. Kwake, kaka amekufa, na kila siku inayopita bila kusomewa hitma ni siku ya aibu kwa ndugu. Walibishana juu ya ukuta, na sisi tulisikia hata tusipotaka.

"Mutu akikaa muda wote huu bila salamu, tunamusomea. Kaka yangu anakaa bila dua."

"Apana. Ukimusomea, umemuzika. Na mi bado namuandikia."

"Unamuandikia wapi? Kuko posta kaburini?"

"Anwani ikiwa mbaya, barua inarudi. Hii ya mwisho haijarudi."

Baada ya hapo hawakusemezana ila kwa lile neno moja la laini. Shemeji aliacha kunyanyua simu. Nadhani naye alikuwa anangoja, ila hakuweza kukubali.

Siku jibu lilipokuja nilikuwepo, nikingoja habari za dada yangu aliyekimbilia Kigoma. Tulikuwa watatu kwenye benchi. Mama alishika laini, akapokea barua, akazisoma kwanza peke yake kama kawaida, kisha akazitoa kwenye karatasi moja moja. Alianza na bibi aliyekaa mbele yangu. "Hongera, mama mukubwa, umepata mujukuu. Ni musichana." Bibi akapiga vigelegele. Akamsomea wa pili, akanisomea mimi, taratibu, bila kuruka neno. Dada yangu alikuwa mzima na anauza ndizi. Nilipoinuka kumshukuru, niliona karatasi moja imebaki kwenye mashine. Aliivuta, akaikunja bila kuisoma tena. Akatoka uani, nami nikamfuata hadi mlangoni kwa sababu uso wake haukuwa sawa.

"Shemeji, uko?"

"Niko."

"Waite watu waje kusoma."

Tulisikia tu kiti kinaanguka upande wa pili wa ukuta. Barua ilitoka kwa karani wa kambi moja ng'ambo ya mpaka: mumewe alifika huko akiwa mgonjwa, akafa, akazikwa na watu waliomjua.

Shehe alimweleza mama kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na kwamba yake ilikwisha kupita yeye mwenyewe hajui. Mama alisema atakaa tu. Akajifungia ndani, chumba cha barabarani kikafungwa, na watu wakaanza kuuliza habari zao watazipata vipi. Ndipo shemeji alipokuja na kukaa mbele ya kompyuta, mikono yake ina gundi ya viatu. Mama alikaa chumba cha ndani, pazia katikati, akimwongoza kwa sauti.

"Bonyeza ile ya kupiga namba."

"Nimebonyeza. Inapiga miluzi."

"Usiisalimie."

Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, nyuma ya pazia. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu karatasi ile. Muda wote wa eda shemeji alituma na kupokea barua za mtaa, na alipokosea alirudia mwanzo bila kulalamika. Sidhani walipata kuongea tena juu ya nani alikuwa na haki, yeye aliyesema amekufa au yeye aliyesema tungoje. Jibu lilipokuja halikumfurahisha hata aliyepatia.

Leo kila mtu ana simu mfukoni. Dada yangu ananitumia sura yake na sauti yake, wakati mwingine namwacha hadi jioni sijamjibu. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani tulizika watu bila miili yao, na mimi sitaki miaka ile irudi kwa sababu ya waya wowote. Nasema tu kwamba niliona mtu mwenye habari mbaya kuliko zetu akisoma kwanza habari njema za wengine, asiharibu hata neno moja. Nimejiuliza wiki hii kama ningeweza. Sidhani. Lakini nikipewa habari za mtu mwingine nimpelekee, nataka angalau zimfikie kama zilivyoandikwa, bila uchungu wangu juu yake.

Tuliporudi kutoka makaburini, nilimkuta shemeji yake amekaa peke yake kwenye mkeka nje. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Nilikaa karibu naye. Nikamuuliza kama hitma itasomwa leo au watangoja ndugu walioko mbali.

"Mara ile nilitaka kusoma haraka, yeye akakataa," alisema. "Leo wananiuliza mi tuanze saa ngapi, na mi ndiye sitaki waanze."

Vijana wa madrasa walikwisha kufika na juzuu zao, wakavua viatu, wakasimama mlangoni wakimtazama. Mzee alinishika bega, akainuka, akawaambia waingie.