Mlango wa Kijani wa Hamburg

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Ilikuwa wiki ya Krismasi, Machame imejaa watu waliorudi nyumbani, nami nimerudi kutoka Chekereni nilikofanya kibarua cha mpunga miaka miwili. Lakini nilipoondoka niliaga kwamba nakwenda kuwa baharia. Kwetu unapajua: anayetoka mbali hupewa kiti na kata ya kwanza ya pombe ya mbege, kisha watu hunyamaza wamsikilize. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa bondeni hapo chini, nafukuza ndege kwenye mpunga wa watu? Aibu ikanishika. Nikasema nimetoka Hamburg.

Ningeishia kwenye mbege, yangekuwa maneno ya ulevi tu. Ila mimi nilijiona fundi wa maneno. Nikaazima kitabu cha jiografia kwa mwalimu, nikaandika daftari zima la safari ya Ulaya. Niliandika theluji ya barabarani, mimi ninayeijua theluji kwa kuinua macho kukitazama kilele cha Kibo. Nikamwandika na mzee mmoja mwema, nyumba yake ina mlango wa kijani karibu na bandari, anayewapokea vijana wa Kiafrika na kuwatafutia kazi. Huyo mzee nilimtunga asubuhi moja nikinywa chai. Daftari likazunguka, likasomwa mbele ya vijana baada ya ibada. Nilipigiwa makofi, na niliyapenda.

Aminieli, kijana wa jirani, mtoto pekee wa mama mjane, alilinakili lote kwa mkono. Wiki chache baadaye akaja kuniaga, begi begani.

"Kaka, nikifika nitauliza mlango wa kijani. Nimsalimie mzee?"

Hapo ndipo, mwanangu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia akae chini, hakuna mzee. Ulimi nilikuwa nao. Nikamjibu, "Msalimie sana."

Ilikuja barua moja kutoka Mombasa, kwamba amepata meli ya kumchukua. Baada ya hapo kimya, mpaka leo kimya.

Mama yake akawa ananingoja nje ya kanisa kila Jumapili. Hakutaka kitu ila nimweleze mji aliko mwanawe. Kuna baridi sana? Ipo, mama, lakini nyumba zao zina moto ndani. Na ndizi je? Zipo, huletwa kwa meli. Miaka kumi na moja nilimtungia yule mama mji, mtaa kwa mtaa, naye anaondoka anatabasamu. Nilijichukia, sikufichi, na bado Jumapili iliyofuata nikaongeza mtaa mwingine.

Mwisho nikashindwa. Nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama tufanyavyo tukienda kuomba radhi, nikapiga magoti uani kwake na kusema yote. Alikuwa anawakatia ng'ombe majani, akaendelea kukata mpaka nikamaliza. Kisha akaweka panga chini, akalipokea lile jani.

"Nimekusamehe, kwa kuwa isale halikataliwi," akasema. "Lakini jana nilikuwa najua mwanangu yuko wapi, leo sijui. Umempoteza mara mbili. Usinisalimie tena."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulikaa kanisa moja bila salamu hadi nikabeba jeneza lake.

Nakuambia wewe kwa sababu juzi dada yako alinisomea kwenye simu habari zako za Uturuki unazoziweka mtandaoni: kazi ya hoteli, tajiri anayewapenda Watanzania, picha sijui umezitoa wapi. Nawe uko Himo unapakia magunia ya mahindi. Nilikuona kwa macho yangu. Na chini ya maneno yako vijana wanauliza njia, nawe unawajibu.

Kutunga sikukatazi. Tunga, lakini useme umetunga. Aibu ya kubeba magunia huisha ukishakula, hii yangu imezeeka pamoja na mimi. Waandikie wote leo hii, mmoja mmoja, uwaambie hakuna tajiri, wakucheke hadi wachoke, kabla mmoja wao hajaondoka.

Ruwa, Mungu wetu, akupe ujasiri alioninyima mimi, au niliokataa kuupokea. Akulinde, uzeeke ukimtazama usoni kila mama wa kijiji hiki.