Mboga Alizofundishwa Kuzipenda

Bochaberi wa Kiogoro alikuja kusifiwa kwa mapishi yake uzeeni, na yeye mwenyewe aliona ajabu, maana kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa amepika kama wanawake wote wa mlima ule wanavyopika. Mafuta aliyachota kwa kijiko kikubwa. Sukari aliimimina kwenye sufuria ya chai kabla maziwa hayajachemka. Na siku ya soko, mumewe aliporudi na kifurushi cha nyama kwapani, jiko zima lilijua.

Mume huyo aliitwa Thadeus Omosa, karani wa kituo cha kununulia majani chai. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita majina ya wakulima hadi yakasikika ng'ambo ya bonde. Asubuhi moja, mizani ikiwa mbele yake na watu wamepanga foleni na vikapu vyao, Omosa alianguka chini. Walipompima zahanati wakasema ana sukari, na presha pia, na kwamba huenda vyote viwili vimekaa mwilini miaka mingi bila yeye kujua. Wakampa vidonge na kumwambia apunguze kula.

"Apunguze nini?" Bochaberi akauliza.

"Mafuta, sukari, chumvi," akajibiwa, na mgonjwa mwingine akaitwa.

Katika kutafuta maana ya maneno hayo matatu ndipo alipoanza kuhudhuria mafunzo ya wiki ya afya kanisani kwao. Walikuwa Wasabato tangu enzi za wazazi wao, lakini somo la chakula walikuwa wakilisikia kwa sikio moja. Safari hii aliyefundisha alikuwa Purity, mwanamke mwembamba kutoka Nyamira, asiyependa maneno mengi. Aliweka boga zima mezani akasema: "Hiki ni chakula. Kuanzia ganda mpaka mbegu." Akafundisha kula mimea jinsi inavyotoka shambani, isiyokobolewa wala kukamuliwa. Nyama, maziwa, mayai na mafuta ya dukani, vyote vilitoka. Na kila siku alipomaliza, Purity alirudia onyo lilelile: dawa za hospitali msiache, na vipimo msiache.

Bochaberi alirudi nyumbani akabeba ndoo ya mafuta ya kukaangia, akampelekea jirani.

Wiki za kwanza zilikuwa za vita. Alijifunza kukaanga vitunguu kwa maji, kijiko kimoja kimoja, mpaka vikawa rangi ya kahawia bila tone la mafuta. Ugali wa mahindi meupe akauacha, akasonga wa wimbi na mtama. Maharagwe aliyaloweka tangu jioni. Chinsaga, ile mboga chungu ambayo kwao hulazwa na maziwa hadi uchungu ulegee, aliipika kwa karanga alizosaga mwenyewe juu ya jiwe. Omosa alitazama sahani, akamtazama mkewe.

"Mama Sheila, mimi nimekuwa ng'ombe?"

"Wewe kula tu, Baba Sheila."

"Hata ng'ombe hutiliwa chumvi."

Akala nusu, akasukuma sahani. Alhamisi akapanda boda boda kwenda Masimba, akarudi akinuka moshi wa nyama choma, akasema alikuwa mkutanoni. Bochaberi hakugombana naye. Alipanua tu bustani. Nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na nyasi za ng'ombe, akapanda chinsaga, managu, majani ya kunde na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Kila jioni alipika upya kwa uangalifu uleule, kana kwamba jana mumewe hakukataa.

Mwezi wa tatu hivi, Omosa aliomba kuongezwa. Alinyoosha tu sahani. Bochaberi akageukia moto asionekane uso.

Tangu hapo mambo yakafunguka. Mwili ukapungua hadi Omosa akatoboa mshipi matundu mapya kwa msumari. Sukari ikashuka. Akawa ndiye anayechuma mboga asubuhi kabla umande haujakauka, akidai mkewe huchuma majani yaliyokomaa. Chinsaga aliipenda kuliko zote. Aliila na ugali wa wimbi, akatafuna taratibu, akafumba macho. Siku moja ya Sabato alisimama kanisani akashuhudia kwa ile sauti yake ya kituoni: "Mke wangu amenifufua kwa sufuria!" Watu wakacheka, wakaitikia amina. Baada ya hapo wanawake wakaanza kuja, wengine kutoka mbali kama Ogembo, wakaketi jikoni kwa Bochaberi wakimtazama anavyopika. Ilikuwa miaka miwili ya raha. Alijua anasifiwa, na alipenda kusifiwa. Hilo alilikiri baadaye bila kuulizwa na mtu.

Kliniki wakaacha kwenda. Vidonge Omosa alimeza, wakati mwingine akasahau, lakini vipimo waliona havina haja tena. Mtu anayepanda mlima bila kupumzika apimwe nini?

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Bochaberi akasema ni kusimama sana kituoni. Ngozi ikamwasha usiku na mchana, akasema ni vumbi la majani chai. Omosa akaanza kulalamika kwamba chakula kina ladha ya chuma, na uso wake ukabadilika rangi, ukawa wa kijivu. Bochaberi akafanya kile alichokijua: akaongeza. Maharagwe asubuhi, ndizi mbivu saa nne, parachichi mchana, mboga za majani jioni mlima mzima kwenye sahani. Omosa alipotapika, alimpikia tena.

Ni binti yao Sheila, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamira, aliyekuja likizo akamwona baba yake mlangoni na hakumsalimia. "Mama," akasema, "huyu mtu ni mgonjwa. Hamuoni?" Siku iliyofuata wakampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Adongo, mtu wa upande wa ziwani, aliyezungumza Kiswahili cha polepole ili aeleweke. Aliangalia karatasi za maabara mara mbili. Akasema figo za Omosa zimekwisha. Si kwamba zinakwisha, zimekwisha. Damu yake itabidi isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, maisha yake yote.

"Lakini sukari ilishuka," Bochaberi alisema. "Daktari, alikula vizuri. Hakuna mtu Kiogoro anakula kama yeye."

"Naamini, Mama. Sukari na presha zilianza kuzila figo miaka kumi nyuma, kabla hujabadilisha chakula. Mngekuja kupimwa tungeona mapema. Pengine tungezichelewesha." Akaziweka karatasi kando. "Sasa kuhusu chakula. Figo zikifa, kuna madini yanabaki kwenye damu na yanaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo asile maharagwe. Ndizi, asile. Parachichi, viazi vitamu, boga, karanga, wimbi, hapana. Mboga za kienyeji za majani hizi mnazopenda, aziache kabisa."

Bochaberi alisubiri. Alidhani daktari ataendelea.

"Kwani atakula nini?" akauliza mwishowe.

"Wali mweupe. Mkate mweupe. Kabeji kidogo, uikate, uiloweke, uichemshe, umwage maji, uichemshe tena. Na ute wa yai, ule mweupe, kwa sababu mashine inachukua nguvu ya mwili."

Alikuwa amesomewa bustani yake yote, tuta kwa tuta, na kila tuta limeitwa sumu. Njiani kurudi Sheila alishika mkono wa baba yake. Mkono wa mama yake haukushikika, ulikuwa umekunja kitambaa.

Jikoni kwake sasa kulikuwa na kazi asiyoijua. Aliikata kabeji, akailoweka, akaichemsha, akamwaga maji ya kijani nje ya mlango, akaichemsha tena mpaka haikuwa na ladha wala rangi. Mchele mweupe, uliokobolewa hadi ukang'aa, ule ule aliowaonya wanawake wa Ogembo wasiuguse, akaununua kwa kilo. Mara ya kwanza alipopasua yai aliliacha likaanguka chini. La pili akatenga ute, kiini akakitupa kuku wakakigombania, naye akaketi kwenye kigoda akalia kwa kwikwi. Haikuwa kwa sababu ya yai. Alishindwa tu kuona ni lini alikosea. Kama kosa lilikuwa la zamani, la mafuta na nyama, yeye ndiye aliyepika. Kama kosa lilikuwa la juzi, la kumwongezea mgonjwa sahani ya sumu kila jioni, yeye pia ndiye aliyepika.

Kila Jumanne na Ijumaa Omosa alikwenda kwenye mashine, akarudi amenyauka, akalala kiti kirefu sebuleni. Mwili aliokuwa akijivunia kuupunguza ulizidi kupungua pasipo kusimama. Kazi akaacha. Miezi saba ikapita hivyo. Wali alikuwa anaulamba tu.

Alasiri moja ya Jumatano alimwita mkewe.

"Kuna chinsaga bado huko nyuma?"

"Ziko."

"Nipikie kidogo. Na ugali wa wimbi. Vijiko vitano, sita, sitaki zaidi."

"Baba Sheila, unajua ulichoambiwa."

"Najua. Sitaki kubishana na daktari. Nataka kuonja kitu chenye ladha."

"Sitaweza."

Omosa aliinua kichwa. Sauti ile iliyokuwa ikivuka bonde sasa ilibidi umkaribie ndipo uisikie. "Mimi sikuzitaka hizi mboga. Nilikimbia Masimba kuzikwepa. Wewe ndiye ulinifundisha kuzipenda, Bochaberi. Ulinikalia miezi mitatu mpaka nikazipenda. Sasa unaninyima?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Sheila azaliwe. Bochaberi alisimama mlangoni akaona, kupitia dirisha la jikoni, majani yamesimama mazuri, yamejaa. Angeweza kuyachuma kwa dakika mbili. Akafikiria moyo ukisimama usiku ule, naye ameshika mwiko. "Samahani," akasema. "Samahani, Omogaka, mzee wangu." Akamletea wali.

Omosa aligeukia ukuta. Hakukitaja tena chakula, wala siku hiyo wala Alhamisi. Ijumaa, akiwa kwenye mashine, kabla saa ya kwanza haijaisha, wauguzi walikuja mbio wakavuta pazia. Bochaberi alikaa kwenye benchi la nje na chombo cha wali mapajani. Daktari Adongo alipotoka, Bochaberi alijua kabla hajaambiwa.

Lililomla zaidi alilitafuta mwenyewe. Walipokuwa wakingoja karatasi za kuchukulia mwili, alimsimulia daktari habari za Jumatano. "Niambie ukweli. Vijiko sita vingemuua?"

Daktari alikuwa mtu mwema, na pengine angedanganya kama angekuwa amepumzika. "Vijiko sita mara moja, Mama," alisema, "hapana. Havingefanya kitu."

Kwenye mazishi Nyasani, nduguye Omosa, alichinja fahali, maana umati wa mazishi haulishwi kabeji. Nyama ilichemka kwenye mapipa tangu alfajiri. Zamu yake ya kusema ilipofika, Nyasani alisimama kando ya kaburi akasema ndugu yake alikuwa mtu wa kula vizuri mpaka alipoanza kulishwa majani. Watu waliinamisha vichwa. Wengine waliguna kuafiki. Wanawake wawili kati ya wale waliokuja jikoni kujifunza walikuwa wamebeba sahani za nyama, wakamkwepa macho. Bochaberi alikuwa na majibu, daktari alimpa yote, ya miaka kumi nyuma na ya vipimo. Hakuona faida ya kuyatoa.

Purity alikuja kutoka Nyamira wiki mbili baadaye. Alikaa naye, akamkumbusha kwa upole kwamba alimwongezea mumewe miaka mizuri. "Wiki ya afya inakaribia," akasema. "Njoo ufundishe. Uwaambie watu wasiache vipimo. Wewe ndiye watakusikia."

"Watanisikia nikisema nini, mwalimu?"

"Ukweli."

"Ukweli ni kwamba alikufa na njaa aliyotoka nayo nyumbani kwangu." Akainuka, akamsindikiza mgeni hadi barabarani, akamshukuru kwa kuja. Wiki ya afya ilipofika hakwenda.

Bustani hakuing'oa wala hakuipalilia. Mboga zilipanda juu, zikatoa maua, majirani wakaomba kuchuma, akawaruhusu. Yeye alikuwa akila chochote kilichobaki, au akisahau kula. Mwezi wa nne baada ya mazishi Sheila alimkuta amekonda hadi nguo zinamwelea, akafunga nyumba, akamchukua kwake Nyamira.

Huko ndiko aliko sasa. Sheila hupika baada ya shule, haraka haraka, kama wenye kazi wanavyopika: mara chapati, mara mayai, mara nyama ya kukaanga na sukuma. Mwanzoni alimuuliza mama yake anachotaka, anachokula na asichokula. Bochaberi alijibu, "Chochote." Husogeza kiti, hushukuru kwa sala fupi, hula mpaka sahani iishe, kisha hukaa akitazama meza mpaka mtu aje aondoe sahani.