Mmarekani wa Uani kwa Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa natoka kazini pale Stratford, huku ugenini, nimechoka hata miguu siisikii, nikaona bango kwenye ukuta wa sinema. Wanaonyesha filamu za zamani za mwongozaji mmoja wa Kimarekani. Sura yake sikuwahi kuiona maishani mwangu, lakini jina nililijua kabla sijamaliza kulisoma. Nikasimama pale watu wananipiga vikumbo, nikajikuta nalia. Wewe unayenijua utasema machozi yangu yako karibu, na kweli, siku hizi yako karibu mno.

Mmarekani yule alikuwa mtu wa kwetu, Unguja, uani kwa bibi yangu mzaa mama. Usicheke. Jumapili mchana sinema ilikuwa ya wanawake peke yao, na bibi na mama hawakukosa. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, lakini mara moja moja ililetwa ya Kimarekani, na jina la mwongozaji likitokea mama alilisoma kwa sauti, maana yeye ndiye aliyekwenda skuli. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, majirani ambao waume zao hawakuwapa ruhusa walikuja kuhadithiwa. Walikaa jamvini na ukili wao wa mikeka, wakasuka. Mimi nilipewa ungo wa mchele nitoe chuya na mawe, na kahawa ya tangawizi ikichemka pembeni hadi pua inawasha. Bibi hakujua Kiingereza hata neno moja. Alikuwa akisoma nyuso, na kwa nyuso hizo alikupa filamu nzima na mvua yake na farasi wake.

Sasa, kwetu wimbo wa taarabu hauimbwi bure. Ukisikika tu watu wanauliza katungiwa nani. Wanawake wale waliitazama sinema kwa macho hayo hayo. Hawakukubali kwamba mtu mzima anaweza kukusanya watu na mashine zote zile bila kuwa na lake moyoni. Wakagundua kwamba kila filamu ya yule bwana ina mwanamke anayeondoka bila kugeuka nyuma, leo kwa treni, mara nyingine kwa gari la farasi. Wakakata shauri kwamba ni mwanamke mmoja, wa kweli, aliyemwacha yeye mwenyewe. Kuanzia hapo wakamjengea maisha yake yote. Filamu ikiwa ya vita, basi kaenda vitani ili amsahau. Ikiwa ya kuchekesha, basi kapata salamu zake. Jirani yetu mmoja, mshona kofia, alimwombea dua kabisa.

"Maskini mwana wa watu, hajapoa tu," alikuwa akisema, na sindano imesimama mkononi.

Kila Jumapili walingoja filamu ambayo mwanamke yule atageuka. Haikuja.

Uani pale palikuwa na sheria moja. Aliyeiona filamu akimsikia msimuliaji anakosea, haruhusiwi kunyamaza. Na mama yangu, ndugu yangu, alikuwa mkali! Bibi akisema mwanamke kavaa gauni jeupe, mama anadakia hapo hapo.

"Uwongo, mama we! Gauni lilikuwa la maua. Rudi nyuma!"

Na bibi anarudi nyuma, anacheka mpaka kanga inamdondoka, na hadithi inaanza tena pale ilipoharibika. Nilikuwa nikimwonea bibi huruma. Leo namwonea wivu.

Mama sasa yuko kwenye nyumba ya kulea wazee huku huku, Woolwich. Maradhi ya kusahau yamemla taratibu. Kwanza yalichukua Kiingereza chake, kisha majina ya wajukuu, kisha jina langu. Tangu Ramadhani hajatamka neno. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho aliniambia kwamba hawezi tena kuja kumwona bibi yake akiwa vile. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe kuna siku nashuka kwenye treni na miguu inakataa kwenda. Naogopa. Naogopa kwamba ameshaondoka na mimi naja kukitembelea kiti.

"Leo pia amekataa lunch, dada," aliniambia juzi msaidizi wa mama, Mkenya mwenye roho nzuri. "Lakini ongea na yeye tu. Usichoke."

Basi nikakata tiketi, nikaenda kuiona ile filamu ya gauni la maua. Kabla haijaanza bwana mmoja alitueleza maisha ya yule mwongozaji. Kumbe alikuwa mwajiriwa tu. Kampuni ilimpa hadithi, akaipiga picha, akapewa nyingine, hata mwanamke wa kuondoka walimwandikia wao. Matakwa ya watu yalipobadilika wakamwachisha kazi. Mke alikuwa naye mmoja mpaka uzeeni, wakifuga kuku. Hakuna aliyemwacha. Nilikasirika, wallahi, kama aliyetukaniwa ndugu yake.

Jana nikaenda Woolwich na hila yangu. Nikavuta kiti karibu na mama, nikamshika mkono, nikaanza kumsimulia filamu ile, na nikakosea makusudi. Treni nikaifanya meli. Gauni nikalipaka rangi nyekundu. Hakudakia. Mvua nikaifanya jua kali, farasi nikamfanya ngamia. Hakuniambia nirudi nyuma. Nikaona liwe liwalo, nikatoa uwongo mkubwa kuliko wote.

"Basi mwanamke akafika mlangoni," nikasema, "akageuka."

Mama akainua macho. Midomo ikatikisika. Nikamwomba Mungu neno moja tu, hata likiwa tusi.

"Ehe?" akasema. Sauti ilikuwa yake ile ile. "Kisha ikawaje?"

Alikuwa ananitazama kwa adabu, kama jirani aliyekuja jamvini kwa mara ya kwanza na hajawahi kuiona filamu ile.

Nikamsimulia mpaka mwisho, nalia na kusimulia, na kila nilichosema alikikubali. Mshona kofia amekwenda, bibi amekwenda, ua ule umejengwa duka. Naweza sasa kusema lolote nitakalo kuhusu Unguja yetu, na duniani kote hakuna tena wa kuniambia nimekosea.