Kitambaa Chekundu Mlangoni mwa Gofu

Ilianza siku ya Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana, nikiwa na miaka kumi. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika katika daftari langu jioni ile ile, na daftari bado ninalo. Uchochoro wetu wa Mji Mkongwe ulikuwa mtupu, wanaume wote wako msikitini, na sauti iliyobaki ilikuwa moja tu: cherehani ya Bi Nunu, ikipita ukutani kama mvua ndogo juu ya bati. Bi Nunu alikuwa jirani yetu, mtu mzima aliyeishi peke yake, akishona mapazia na foronya. Vipande vilivyobaki, vingi vyekundu, alinipa mimi, akanifundisha na kuvifunga kwenye nywele kwa fundo lake la mizunguko mitatu, fundo ambalo halifunguki mpaka mwenyewe ulifungue.

Kazi yangu ya kila Ijumaa ilikuwa kupeleka kiroba cha taka barabara kuu kabla gari la taka halijapita. Siku hiyo tulikuwa tumechinjiwa kuku mweusi, na manyoya yake yote yalikuwa humo. Kamba haikuonekana, nikavua kitambaa chekundu nywelani nikakifungia kiroba. Taabu yangu ilikuwa baraza. Wanaume walikuwa wameshakaa pale na kanzu zao wakisubiri adhana, na mimi ni mtu wa haya tangu kuzaliwa. Nikipita tu, wanaanza: "Huyo bubu wetu! Bubu, hata kwa mkono basi tusalimie!" Hawakuwa na nia mbaya, lakini mimi nilikuwa nikitamani ukuta unimeze. Basi nikasimama nyuma ya mlango na kiroba changu mpaka waliponyanyuka. Nilipofika barabarani, gari limeshapita. Kurudi nacho nyumbani ni kuulizwa nilikuwa wapi. Ubavuni mwa nyumba ya Bi Nunu, upande wa pili kutoka kwetu, kulikuwa na gofu, nyumba iliyoangushwa na mvua za masika kabla sijazaliwa, imebaki fremu ya mlango na giza lenye harufu ya chokaa mbichi. Nikatazama huku na huku, nikakirusha. Kilianguka puu, kishindo kidogo tu, nami nikajiambia: kimoja hakidhuru.

Asubuhi yake paka walikuwa wamekipasua ubavu. Nilikuwa dirishani nilipomsikia Bi Mwatima, aliyekuwa akichoma mikate ya ufuta pale barazani, akipiga kelele. "Astaghafirullahi! Njooni muone! Manyoya ya kuku mweusi na kitambaa chekundu! Hii kafara hii, mtu kaja kututupia balaa lake!" Wanawake wakaja wakasimama mbali, wameziba pua kwa ncha za kanga. Mmoja akasema kiondolewe. "Ukiondoe wewe," Bi Mwatima akamjibu, "mie watoto wangu bado nawataka." Hapana aliyekigusa, hata mfagiaji wa mtaa alilizunguka gofu kama linalouma. Na kwa kuwa pameshanajisika, watu wakaona hapana ubaya kuongeza. Hawakusogea, walirusha kutoka mbali na kukimbia. Mwezi haukwisha, pakawa jaa: nepi, mafuu ya nazi, vichwa vya samaki, godoro limelowa. Nzi walijaa mpaka kwenye chai, na harufu ikawa inaingia kwanza dirishani kwa Bi Nunu kabla ya kwetu.

Kisha likaja swali ambalo mpaka leo linaniamsha usingizini. "Mtaa huu nani mwenye vitambaa vyekundu?" Bi Mwatima aliuliza, akigeuza mkate. "Mie sisemi mtu." Hakuhitaji kusema. Watoto wakaanza kuupita mlango wa Bi Nunu mbio, huku wakisoma dua za kujikinga. Mapazia yakapelekwa kushonwa Kikwajuni. Salamu yake ikawa inajibiwa na migongo. Sheha wetu, kiongozi wa serikali mtaani, alipoona mambo yamezidi, alikuja barazani akasema: "Maneno ya uganga msiniletee. Mwenye kujua nani anatupa, aje ofisini kwangu na mambo matatu: siku, saa, na mahali. Nitawapelekea watu wa baraza la manispaa." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, na yote matatu ninayo, nimeyaandika kwa mkono wangu. Nikanyamaza. Cherehani ilizidi kupungua sauti siku hadi siku, mpaka asubuhi moja haikulia kabisa. Bi Nunu alikuwa amehamia Chwaka kwa watoto wa ndugu yake. Watu wa manispaa walikuja baadaye na makoleo, wakaliondoa jaa na kupiga kibao cha marufuku. Waliondoa taka, maneno waliyaacha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuwa na wa kumwonesha wangu.

Sasa nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne. Ijumaa iliyopita, saa ile ile ya msikitini, nilimwona mtu akishusha gunia la vifusi mlangoni mwa gofu. Nilipiga picha, nikaandika siku, saa na mahali, nikamtumia sheha kwa simu. Chai haijapoa, jibu likaja: "Ahsante mwanangu, kesho linaondolewa." Wala sikufungua mdomo. Zamani ningelilia kupata njia kama hiyo. Lakini nilikaa na simu mkononi, nikasikia cherehani ukutani, na nyumba ile imefungwa miaka saba.

Jumamosi nikaenda Chwaka. Nilimkuta Bi Nunu ukumbini, anashona kwa mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Loo, bubu wetu! Umerefuka."

Nikafungua daftari nikamsomea ukurasa wote, tangu saa saba na dakika kumi. Sindano yake haikusimama.

"Nnajua," akasema. "Kitambaa nlikikata mie. Na fundo lile nlikufundisha mie."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Ningesema ni wako, wangesema nlikutuma. Tungekuwa wachawi wawili." Akakata uzi kwa meno. "Nlikuwa nakungoja wewe. Wenzako wa mtaani umewaambia?"

"Bado."

Akanisogezea sahani ya tende.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, nilitoka na daftari kifuani. Bi Mwatima alikuwa akipuliza makaa, foleni ya mikate imefika mlangoni mwa gofu, na wanaume wameshakaa barazani. "Aa, bubu wetu huyo!" mmoja akaita. Safari hii sikungoja waondoke. Nilisimama mbele yao, nikasema siku, nikasema saa, nikanyoosha mkono kuonesha mahali nilipokirusha kiroba kile.